Uwanja Mtupu Si Uwanja Safi

Msomaji mwema, imeenea katika nchi yetu imani moja ambayo haijapata kuitwa barazani ikatoa ushahidi wake. Imani hiyo ni kwamba uwanja safi ni uwanja usioota kitu. Kila asubuhi, katika shule zetu na mbele ya nyumba zetu, fagio hupita, na jembe hulifuata. Kila jani lililothubutu kuchungulia hung'olewa, na ardhi huachwa wazi, imechorwa mistari ya fagio. Mawe ya kando ya njia hupakwa chokaa yakang'aa. Mgeni akija husema, "Hapa pana usafi," na mwenyeji hufurahi. Mimi nakusudia kuipinga imani hii mbele yako, nawe uwe hakimu.

Usafi ni kuondoa uchafu, na maua si uchafu. Taka, maji yaliyotuama, na makopo yanayozaa mbu, huo ndio uchafu, nao uondolewe bila huruma. Lakini mtu ang'oaye mmea wenye maua pamoja na taka, kisha akajisifu kwa usafi, ni kama mtu aliyetupa maji ya kufulia pamoja na shilingi zilizotoka mfukoni mwa nguo. Uwanja wake una njaa, na njaa hiyo haikai uwanjani. Huingia ndani ikaketi mezani.

Nitautaja mmea mmoja ambao hung'olewa sana, nao ni kivumbasi. Huenda kwenu una jina jingine. Ukitaka kuutambua, fikicha jani lake. Harufu yake kali itakuambia jina kabla hujauliza. Shina lake lina pembe nne, na ukilizungusha baina ya vidole utazihisi pembe hizo. Majani yake hutoka mawili mawili, yakitazamana. Maua yake ni madogo, meupe au ya rangi hafifu, yamepangwa pete juu ya pete katika kishada kirefu. Kivumbasi ni wa ukoo wa mrehani. Mrehani wenyewe watu wa Lamu na Mombasa waujua tangu kale, kwani huingia katika kikuba pamoja na asumini, na harufu yake ni harufu ya arusi na sikukuu. Lakini mrehani ni mwororo, na kwa kawaida hufa baada ya msimu wake. Kivumbasi ni ndugu yake mgumu. Asili yake ni Afrika. Huishi miaka kadhaa, hukua hata kufikia kimo cha mtu, na jua likaushalo majani mengine huyakuta ya kwake bado yasimama. Yuko na ndugu wa tatu, ambaye jina lake la kitaalamu limetokana na mlima Kilimanjaro, na majani yake hunuka kafuri.

Mmea huu huota kando ya njia na mipakani mwa mashamba bila kuombwa. Kwa sababu haukugharimu fedha, watu huuita gugu. Hili ni kosa kubwa la akili zetu, kwamba kitu tulichopewa bure hukihesabu kuwa si kitu, na kitu tulichokinunua ghali hukipenda hata kikiwa hakina faida.

Sasa chukua ua moja la kivumbasi ulitazame kwa makini. Lina mdomo wa juu na mdomo wa chini, na stameni nne zimelala juu ya ule mdomo wa chini. Nyuki hutua hapo kama mtu akanyagaye kizingiti, akanyosha ulimi ndani kutafuta mbochi, yaani maji matamu ya ua. Anapokunywa, tumbo lake hugusa stameni na kujipaka chavua, ule unga ambao kwa huo maua huzaa. Akiruka kwenda ua jingine hupeleka unga huo, na mbegu hutungwa. Nyuki hakukusudia kututendea wema. Alitafuta riziki yake. Lakini katika riziki yake imo riziki yetu.

Hapa atasimama mtu na kusema, "Sisi twala ugali, na mahindi hayahitaji nyuki." Asema kweli. Mahindi hutumikiwa na upepo, na ngano hujichavusha yenyewe. Sitauficha ukweli huo, maana hoja iliyojengwa juu ya nusu ya ukweli huanguka yote. Lakini namwuliza mtu huyo, Je, ugali wako wala mkavu? Boga, tango na tikiti havizai bila mdudu wa kupeleka chavua. Chavua ya karakara ni nzito na yenye kunata, upepo hauwezi kuichukua. Huchukuliwa na wale nyuki wakubwa weusi watoboao mbao na kujenga humo. Ua la parachichi hufunguka mara mbili: mara ya kwanza huwa la kike, kisha hujifunga, na mara ya pili hufunguka likiwa la kiume. Bila mjumbe wa kwenda na kurudi, dume na jike hao wangepishana mlangoni wasikutane. Embe, korosho na alizeti huzaa vizuri zaidi wadudu wakiyazuru maua yake.

Tena kuna sukumawiki. Utasema kwamba twala majani yake, na majani hayahitaji nyuki. Ni kweli, lakini majani hutoka katika mbegu, na mbegu ya sukumawiki hutungwa kwa msaada wa wadudu. Mchuuzi akuuziaye pakiti ya mbegu dukani akuuzia kazi ya nyuki, ingawa picha ya nyuki haimo katika pakiti. Mwaka 2016 wataalamu wa mataifa mengi walitoa taarifa kuhusu wanyama wanaochavusha mimea, wakaeleza kwamba zaidi ya robo tatu ya aina kuu za mazao ya chakula duniani hutegemea wanyama hao, mengine kwa sehemu ndogo, mengine kwa sehemu kubwa. Basi ukitoa nyuki na wenzake, hutabaki na njaa ya tumbo peke yake. Utabaki na sahani ya rangi moja na mwili unaokosa vitamini.

Usinisadiki kwa sababu nimesema. Sadiki kwa sababu umeona. Fanya jaribio hili, ambalo halihitaji maabara wala fedha. Katika shamba la maboga tafuta maua ya kike, yale yenye kiboga kidogo chini yake. Jioni, kabla ua halijafunguka, lifunike moja kwa kitambaa chepesi na kulifunga taratibu chini, mdudu asiingie. Jingine liache wazi. Ua la boga hufunguka asubuhi moja tu, kisha hunyauka, kwa hiyo baada ya siku mbili unaweza kukifungua kitambaa. Ngoja juma moja. Kile kiboga kilichofunikwa utakikuta kimegeuka manjano, kimesinyaa na kuanguka. Kile kilichozurwa na nyuki kitakuwa kinanenepa. Mvua ilikuwa moja, mbolea ilikuwa moja, jua lilikuwa moja. Tofauti yao ilikuwa ni mgeni wa asubuhi moja.

Na mgeni huyo alilala wapi usiku ule, na alikula nini mwezi uliotangulia? Hapo ndipo shabaha ya maneno yangu ilipo. Mtu afagiaye uwanja wake mpaka ukabaki mtupu, kisha akavuna maboga nyuma ya nyumba, amevuna kwa nguvu za nyuki ambaye hakumlisha. Nyuki yule alilishwa na kichaka cha jirani, au na mmea wa kando ya njia ambao bado haujafikiwa na jembe. Mtu huyu ni mdeni. Ala kwa mwenzake na kumcheka mwenzake kwamba uwanja wake umeota majani. Kama wote tukiwa wadeni wa namna hiyo, nani atabaki wa kudaiwa?

Yuko mwingine atakayesema kwamba mazao yenyewe yana maua, basi nyuki wale hayo. Jawabu lake ni kalenda. Mazao yetu huchanua kwa kufuata mvua, nayo huchanua pamoja. Baada ya masika au baada ya vuli shamba hujaa maua kwa majuma machache, kisha karamu hukatika ghafula. Kati ya Januari na Machi, katika sehemu nyingi za nchi, jua huwa kali na shamba huwa mabua matupu. Lakini tumbo la nyuki halina likizo. Mzinga usiopata chakula wakati wa kiangazi huhama au huwa dhaifu, na mvua zirudipo, maua ya maboga hufunguka pasiwepo wa kuyazuru. Mkulima hulaumu mbegu, hulaumu udongo, hulaumu hata jirani kwa uchawi, na asilitazame fagio lake. Kivumbasi ndicho kizibacho pengo hilo. Kikipogolewa baada ya kuchanua, na kikapata maji kidogo, hata yale yaliyokwisha kuosha mboga, hutoa matawi mapya na kuchanua tena.

Sikatai kwamba shule zetu nyingi zimepanda maua. Lakini maua gani? Mara nyingi ni bogenvilia lukuki ukutani na waridi lenye petali nyingi mlangoni pa ofisi. Hayo ni mazuri kwa jicho, nami siyachukii. Walakini ujue kwamba zile rangi za bogenvilia unazoziona si maua, bali ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni kijineli chembamba cha katikati, ambacho nyuki hapati kitu kikubwa ndani yake. Na waridi lililozidishwa petali limezipata petali hizo kwa kugeuza stameni zake, hata chavua ikapungua sana. Bustani ya namna hii ni kama nyumba ya karamu yenye mapambo mazuri na masufuria matupu. Mgeni hutazama, husifu, na huondoka na njaa. Kando ya kila bogenvilia moja, pandeni vivumbasi vitatu, na karamu itakuwa na chakula.

Huja pia hoja ya hofu: "Nyuki watawauma watoto." Hoja hii yastahili heshima, maana nyuki wetu ni wakali, na aliyeumwa na wengi anaweza kufa. Lakini hofu ipelekwe mahali pake. Nyuki huwa mkali anapolinda nyumba yake. Anapokuwa kazini juu ya ua huwa na shughuli zake, naye hana haja nawe usipomkamata au kumkanyaga. Kwa hiyo panda kivumbasi hatua kadhaa kutoka mlango wa darasa na uwanja wa mpira, na usitundike mzinga karibu na watu. Mwenye maradhi ya kudhuriwa sana na sumu ya nyuki asipewe zamu ya bustani hiyo. Hiyo ndiyo hekima. Kung'oa kila ua kwa sababu ya hofu ni sawa na kuziba kisima kwa sababu mtu anaweza kutumbukia, badala ya kukijengea ukingo. Kadhalika wanaohofu nyoka wajue kwamba kivumbasi kilichopogolewa kwa kimo cha kiuno, chini pakapaliliwa, hakimfichi nyoka.

Mwisho huja mwenye kupenda faida, akauliza kitu hiki kitamwingizia nini mfukoni. Mtu huyu namwelekeza Kakamega. Kando ya msitu wa Kakamega, wakulima wa kikundi cha Muliru walimpanda yule ndugu wa Kilimanjaro katika mashamba yao madogo. Walishirikiana na ICIPE, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1970 na Profesa Thomas Odhiambo. Majani yalitolewa mafuta kwa mvuke, na mafuta hayo yakatengenezwa dawa ya kuchua iliyouzwa kwa jina la Naturub. Watu walipata fedha kwa mmea wa shambani, na hivyo wakawa na sababu ya kuuacha msitu upumue. Mwaka 2010 kikundi hicho kilipata Equator Prize, tuzo ya Umoja wa Mataifa kwa watu wanaopambana na umaskini huku wakihifadhi viumbe. Sisemi kwamba kila mpandaji wa kivumbasi atatajirika. Nasema kwamba mmea ulioitwa gugu umekwisha kusimama mbele ya mataifa ukapewa heshima, na huku nyumbani bado twaupiga jembe.

Kama ungali na shaka, tazama vanila. Asili ya vanila ni Mexico na nchi za jirani zake, na ilipopelekwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi ilichanua bila kuzaa, kwa kuwa wachavushaji wake wa asili walibaki kwao. Mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion mtoto mtumwa wa miaka 12, jina lake Edmond Albius, alivumbua njia ya kulichavusha ua hilo kwa kijiti na kidole gumba. Tangu hapo vanila ya Madagaska, na hata ya jirani zetu Uganda, huchavushwa kwa mkono, ua moja baada ya jingine, asubuhi ya siku lifungukapo. Twamsifu mtoto yule kwa akili yake. Lakini fikiri maana ya habari hii. Vanila ni ghali, na kazi hiyo kubwa ya mikono ni mojawapo ya sababu. Je, ungependa boga liuzwe hivyo? Ungependa kila mama wa sokoni aamke alfajiri kuyatembelea maua elfu kwa kijiti? Nyuki aifanya kazi hiyo, na ujira wake ni kijishada cha maua kando ya ukuta. Hakuna kibarua duniani aliye rahisi kuliko huyo, na hata huyo twamnyima ujira.

Basi yafaa nikueleze namna ya kupanda, ili usiseme nimekulaumu bila kukuelekeza. Kata kitawi kisichochanua, urefu wake shubiri moja, kutoka kwa mmea wenye afya. Ondoa majani ya chini, ukichomeke katika udongo laini mahali penye kivuli, na ukimwagilie maji kila siku mpaka kitoe majani mapya. Kisha kihamishie juani. Ukipenda mbegu, zinyunyize juu ya udongo uliolainishwa na kuzifunika kwa udongo kidogo sana, maana ni ndogo na zikizikwa chini hazioti. Kati ya mche na mche acha nafasi ya hatua moja. Palilia mpaka mche ushike, halafu utajitegemea. Vishada vikikauka, kata theluthi moja ya matawi, na vichache viache vikomaze mbegu za mwaka ujao. Usipogoe miche yote siku moja. Ipogoe kwa zamu, ili kila wakati pawe na mmoja unaochanua. Weka kando yake sahani ya maji yenye mawe ndani, nyuki anywe bila kuzama, na ubadilishe maji hayo mara kwa mara mbu wasizae. Na dawa ya kuua wadudu isinyunyizwe kamwe juu ya maua yaliyo wazi. Ikiwa hapana budi kunyunyizia mboga za karibu, fanya hivyo jua likishatua, nyuki wakiwa wamerudi kwao.

Ewe mwanafunzi, wewe ndiwe ushikaye fagio. Mwalimu mkuu hafagii, wala mkaguzi hafagii. Amri ya usafi hupita mikononi mwako kabla ya kufika ardhini, kwa hiyo neno lako lina uzito. Mwendee kiranja wako, mwendee mwalimu wa zamu, umwombe kwa adabu kipande cha ardhi kisichozidi urefu wa darasa moja, kando ya ua wa shule, na umweleze sababu. Kama akitaka ushahidi, mwonyeshe viboga vyako viwili. Umoja wa Mataifa uliitenga tarehe 20 Mei kuwa Siku ya Nyuki Duniani, kwa azimio la mwaka 2017, na siku hiyo hotuba hutolewa. Lakini nyuki hali hotuba. Shule yenye kitalu cha kivumbasi imemtendea mengi kuliko mkutano mzima wa wasemaji.

Wahenga walisema, fuata nyuki ule asali. Walisema vizuri, lakini walisema katika nchi iliyojaa maua, ambamo nyuki alikuwapo daima wa kufuatwa. Sisi tulioipunguza nchi hiyo kwa jembe na fagio twapaswa kuanza hatua moja nyuma yao. Yatupasa kwanza tumlishe nyuki, ndipo awepo wa kufuatwa. Fagia taka, fukia mashimo ya maji, okota makopo. Ukifika penye kivumbasi, liinue fagio, upite.